Panya Hajui Ua: Historia ya Kazi ya Afya katika Nchi ya Kavirondo



Ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, baada ya hesabu za fedha na habari za matawi, kutoa kurasa chache kwa mambo ya kale, ili vijana wajue tulikotoka na wazee wapate kukumbuka. Mwaka huu tumechagua historia ya kazi ya afya, nasi tuna sababu ya kuichagua. Katika mikutano yetu limeulizwa swali ambalo si la kupuuzwa: Chama kama hiki, kilichoundwa kuwasaidia wagonjwa, kuwazika wafu kwa heshima na kuwasemea watu wake, kina haja gani ya kutumia ada za wanachama kwa mambo ya vyoo, visima na mbu? Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni ya serikali, kwa kuwa kodi tunalipa. Wako wasemao kwamba usafi ni shauri la kila mtu nyumbani mwake. Na wako wengine, hasa vijana, wasemao kwamba wakubwa hupenda kuwashughulisha watu kwa majembe na fagio ili wasahau kudai haki zao.

Maneno haya matatu yote yana chembe ya ukweli, wala si mapya. Yalikwisha kusemwa yapata miaka mia moja iliyopita kando ya Ziwa Victoria, na watu waliokuwa na chama chao kama sisi tulivyo na chetu. Tukifuata habari zao tangu mwanzo, kisha tukatazama yaliyotendeka baadaye katika nchi ile ile, tutapata jibu lililojaribiwa kwa matendo, si jibu la mdomoni tu.

NCHI NA MARADHI YAKE

Kavirondo ni jina ambalo serikali ya kikoloni ililitumia kwa nchi ya Nyanza na upande wa magharibi wa Kenya, yaani kwa Wajaluo na Waluyia pamoja. Wenyeji hawakujiita hivyo, lakini kwa kuwa ndilo jina lililoandikwa katika vyama vya siku zile, tutalitumia hapa panapohitajika.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Pamoja na biashara na safari, zamani zile zilileta pia maradhi. Mwaka huo huo wa 1901 madaktari wa misheni ya Mengo, katika Uganda, waliwatambua wagonjwa wa malale, na kwa miaka michache iliyofuata ugonjwa huo uliua watu wengi mno katika Busoga na visiwani, ukafika hata pwani za ziwa upande wetu wa Kenya. Mwaka 1902 tauni ilitokea Nairobi, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya wakubwa ili kuizima. Kisumu nayo haikunusurika na tauni katika miaka ile ya mwanzo.

Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Vijana wa Nyanza, kama wenzao wa sehemu nyingine za nchi, walichukuliwa maelfu kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, na jina la Kariokor katika Nairobi linatukumbusha habari zao hata leo. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa katika majeshi ya Waingereza upande huu wa Afrika ilizidi 40,000, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, homa na uchovu. Waliosalia waliporudi makwao, walikuta homa kali ya mafua ya 1918 imetangulia kubisha hodi. Basi mtu wa Nyanza wa mwaka 1920 hakuwa na haja ya kuelezwa maana ya maradhi. Kila boma lilikuwa na kaburi jipya.

NCHI IMESEMA

Juu ya misiba hiyo uliongezwa mzigo wa utawala. Mwaka 1920 nchi iligeuzwa kutoka Himaya ikawa Koloni, jambo lililowatia watu hofu juu ya ardhi yao. Kipande kilianza kutumika kwa wanaume wote. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilipandishwa hadi shilingi 16, na mwaka 1921 waajiri wa Kizungu wakakubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Ebu na tufikiri: kodi imepanda, mshahara umeshuka, na kijana yupo katika kambi ya kazi ambako hakwenda kwa hiari yake.

Tarehe 23 Desemba 1921 ulifanyika mkutano mkubwa Lundha, katika Gem. Waliouita walikuwa hasa vijana waliosoma Maseno, na kati ya viongozi wao walikuwako Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende. Walihudhuria maelfu ya watu. Hapo kikazaliwa Chama cha Vijana wa Kavirondo, na watu wakakipa jina lao wenyewe, Piny Owacho, maana yake “nchi imesema.” Madai yao yalikuwa wazi: kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe na wanawake wasitozwe, kambi za kazi zifungwe, watu wapewe hati za ardhi zao, nchi irudishwe katika hali ya Himaya, na ijengwe shule ya serikali.

Siku zile hazikuwa za mchezo. Mwezi Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi, na watu waliokusanyika kudai afunguliwe walipigwa risasi, wakafa wengi. Kwa hiyo Gavana Northey alipokutana na watu wa Nyanza huko Nyahera mwezi Julai 1922, pande zote mbili zilikuwa na hofu. Gavana alikubali kufunga kambi za kazi, na kodi ilipunguzwa mwaka huo ikawa shilingi 12. Lakini habari ya kurudisha hali ya Himaya hakuikubali.

CHAMA CHAPATA JINA JIPYA NA KAZI MPYA

Hapa ndipo anapoingia mtu mmoja ambaye hatuwezi kumwacha katika historia hii, naye ni W. E. Owen, aliyekuwa Achidikoni wa Kavirondo tangu mwaka 1918, yaani mkubwa wa makasisi wa Kanisa la Kianglikana katika nchi ile. Viongozi wa Piny Owacho waliona yaliyompata Thuku, wakajua kwamba chama kisicho na msemaji anayesikilizwa na wakubwa chaweza kuvunjwa kwa siku moja. Owen naye aliona kwamba madai yao mengi yalikuwa ya haki, lakini alitaka yaletwe kwa njia ya utulivu. Basi mwaka 1923 Owen akawa Rais, na chama kikaitwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Badala ya mikutano mikubwa ya hadhara, madai yaliandikwa kwa barua na kupelekwa serikalini.

Pamoja na barua hizo ilikuja kazi ya namna nyingine kabisa. Wanachama walitakiwa waweke ahadi: wachimbe vyoo vya shimo, waue panya kwa hesabu iliyopangwa, wapande miti, na wajenge nyumba bora zenye usafi. Si ajabu kwamba watu wengine walicheka. Mtu aliyesimama Lundha kudai ardhi yake, leo aambiwe ahesabu mikia ya panya!

Lakini tusicheke upesi. Mwaka 1894 tabibu Alexandre Yersin, akiwa Hong Kong, aligundua kijidudu kinacholeta tauni. Mwaka 1898 tabibu mwingine, Paul-Louis Simond, akiwa katika Bara Hindi, alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayekichukua kijidudu hicho kutoka kwa panya na kumtia mwanadamu. Panya anapokufa na mwili wake kupoa, viroboto humwacha wakatafuta damu nyingine yenye joto, nao humpata mtu aliyelala chini karibu na ghala ya nafaka. Ndiyo sababu panya hutegwa kabla tauni haijaingia, wala si wakati imekwisha kuenea, kwa maana panya wakifa ovyo viroboto huhamia kwa watu. Tena ndiyo sababu nyumba yenye sakafu ngumu, madirisha, na ghala iliyoinuliwa kutoka chini haikuwa mapambo ya kuiga Wazungu, bali ilikuwa ngome.

Na choo ni vivyo hivyo. Mavi yakiachwa kichakani, mvua huyachukua hadi kisimani, na nzi huyachukua hadi kwenye sahani. Minyoo ya safura hutoka katika udongo huo huo ikaingia katika nyayo za mtoto anayetembea bila viatu, ikamnyonya damu hata akose nguvu ya kusoma wala ya kulima. Watu wa Nyanza wa siku zile hawakuwa na hospitali karibu, wala dawa nyingi hazijapatikana. Shimo na mtego ndizo dawa walizoweza kujitengenezea wenyewe.

Hapa lipo jambo ambalo tunawaomba wasomaji walitie moyoni, maana ndilo linalobeba habari hii yote. Mtu akichimba choo peke yake, na jirani zake kumi wasichimbe, kisima ni kile kile na uchafu ni ule ule. Mtu akiua panya wote wa nyumbani mwake, na jirani asiue, kesho panya wa jirani watahamia kwake, kwa kuwa panya hajui ua wala mpaka wa shamba. Kwa hiyo yako maradhi ambayo mtu mmoja, hata akiwa tajiri na msafi namna gani, hawezi kuyafukuza. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo sababu ahadi zile zilifaa kuwekwa na chama, wala si na mtu mmoja mmoja.

JE, PANYA WALIIZIMA SIASA?

Lawama ya vijana ya siku hizi ilisemwa siku zile pia, nasi twapenda kuipima kwa haki. Wako waliosema kwamba Owen alikuja kuuzima moto wa Lundha, na kwamba majembe na vyoo vilikuwa maji ya kuuzimia. Hatuwezi kusema kwamba hakuna ukweli. Mikutano mikubwa ilikoma. Serikali, iliyokiogopa chama cha Vijana, ilifurahi kuona chama chenye Mzungu mbele yake. Na mwaka 1925 yalipoanza Mabaraza ya Wenyeji, serikali ilipata mahali pengine pa kuyapeleka mashauri ya watu, chini ya uenyekiti wa DC.

Lakini upande wa pili nao una mashahidi. Chama hakikuacha kuandika juu ya kipande, kodi, ardhi na kazi ya kulazimishwa. Owen mwenyewe aliandika kwa ukali katika magazeti ya Uingereza juu ya wanawake na watoto waliofanyizwa kazi za barabara, hata walowezi wakamwita “Shetani Mkuu wa Kavirondo” kwa kuligeuza jina la cheo chake. Mtu anayewatuliza watu kwa ajili ya walowezi hapewi jina kama hilo na walowezi wenyewe. Na mwaka 1931 Bunge la Uingereza lilipotaka kusikia maneno ya Waafrika juu ya kuunganisha nchi za Afrika Mashariki, mmoja wa mashahidi watatu kutoka Kenya alikuwa Ezekiel Apindi wa Nyanza, akiwa pamoja na Koinange wa Mbiyu na James Mutua.

Sisi tumeona hivi: panya hawakuizima siasa. Udhaifu wa chama kile ulikuwa mahali pengine. Ahadi za usafi zilikuwa njema, lakini kwa sehemu kubwa zilitoka kwa mkubwa zikashuka kwa watu. Kalamu ya chama ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja aliyeheshimiwa sana. Tena majina yote yaliyoandikwa katika uongozi ni ya wanaume, na hali anayechota maji, anayefagia, anayempikia mgonjwa na kukesha naye usiku ni mama. Kazi inayotegemea mtu mmoja huchoka naye. Owen alifariki mwaka 1945, na kabla ya hapo nguvu za chama zilikuwa zimekwisha kupungua. Kilichobaki ni mbegu, nayo ilikaa ardhini miaka mingi kabla ya kuota tena.

MBEGU YAOTA SARADIDI

Kati ya tarehe 6 na 12 Septemba 1978 wajumbe wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, mji wa Kazakhstan, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya dola ya Kisoviet. Walitangaza kwamba afya ni haki ya kila mwanadamu, na kwamba watu wana haki, tena wana wajibu, wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutenda kazi ya afya yao. Msomaji na aangalie maneno hayo mawili, haki na wajibu, yamefungwa pamoja kama ng'ombe wawili katika nira moja.

Mwaka uliofuata, 1979, kazi ya namna hiyo ilianza Saradidi, katika Asembo, Siaya, yaani katika nchi ile ile ya Nyanza. Ilianzia katika mtaa wa Kanisa la Kianglikana, na mmoja wa walioiongoza alikuwa daktari Mkenya, Dan Kaseje. Tofauti yake na kazi ya 1923 ilikuwa katika mwanzo wake. Hapa wanakijiji walikaa kwanza wakasema wenyewe taabu zao ni zipi, kisha kila kijiji kikamchagua mtu wake wa kuhudumu, mtu anayejulikana, atakayeitwa usiku naye akaja. Wahudumu hao walifundishwa, wakafanya kazi kwa kujitolea, na watu wakawaita nyamrerwa, neno ambalo Wajaluo walikuwa nalo tangu zamani kwa mtu anayetibu watu nyumbani. Hawakupewa jina geni. Jambo hilo laonekana dogo, lakini jina la mtu wa kwenu hufungua mlango ambao cheo cha kigeni hukigonga bure.

Kuanzia mwaka 1982 wahudumu hao walipewa dawa ya klorokwini ili wawatibu wenye homa ya malaria kijijini, mama asipate kumbeba mtoto mgonjwa mwendo mrefu kwenda zahanati. Watu waliitumia huduma hiyo sana. Lakini yatupasa kusema kweli yote. Wataalamu walipopima matokeo, hawakuona kwamba vifo vimepungua kwa namna iliyo wazi kwa sababu ya dawa hiyo. Tena katika miaka ile ile vijidudu vya malaria vilikuwa vinaanza kuizoea klorokwini, hata mwaka 1998 Kenya ikaiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria, na mwaka 2004 ikachagua dawa nyingine tena, ile iliyochanganywa na artemisinini.

Je, Saradidi ilishindwa? Sisi twasema hapana. Ilionyesha mambo mawili kwa mara moja. La kwanza, kwamba watu wa kijijini waweza kuchagua, kupanga na kuendesha huduma yao kwa uaminifu bila kusimamiwa kwa kiboko. La pili, kwamba moyo wa kujitolea peke yake hautibu. Wanakijiji walifanya sehemu yao, lakini dawa iliyotiwa mikononi mwao ilikuwa inapoteza nguvu. Umoja bila maarifa ni kama mtumbwi wenye wapiga makasia hodari usio na nahodha.

VYANDARUA VYA ASEMBO NA GEM

Baadaye maarifa na umoja vilikutana, nalo tukio hilo lapasa kujulikana na kila mtoto wa Kenya. Katika miaka ya mwisho ya 1990, watafiti wa KEMRI pamoja na wenzao wa Marekani walijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu katika zaidi ya vijiji 200 vya Asembo na Gem. Gem ni ile ile ya mkutano wa Lundha, na Asembo ni ile ile ya Saradidi. Vijiji vitakavyotangulia kupata vyandarua vilichaguliwa kwa kura ya bahati, pasipo upendeleo, na vijiji vingine vikangoja vikapewa baadaye.

Kazi kama hiyo haiwezekani bila watu kukubali. Ilibidi kila boma lifikiwe, watoto waandikwe, vyandarua vitiwe dawa tena na tena, na wenye kungoja wawe na subira wakiona jirani amepata nao bado. Matokeo yalipotolewa mwaka 2003, ilionekana kwamba vifo vya watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka mitano vilipungua kwa asilimia 16 hivi katika vijiji vilivyokuwa na vyandarua.

Lakini liko jambo la ajabu zaidi, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Watafiti waliona kwamba hata watu wasio na vyandarua, waliokaa katika mita 300 hivi za vijiji vyenye vyandarua, walipata kinga. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mbu anayekuja kuuma mtu aliye ndani ya chandarua hugusa dawa akafa, na mbu aliyekufa haendi kwa jirani. Watu wengi wakitumia vyandarua, mbu wa mtaa mzima hupungua, hata yule maskini asiye na chandarua hulala salama kuliko awali.

Basi yale waliyoyashika watu wa 1923 kwa njia ya mtego wa panya, sayansi imekuja kuyapima kwa mita. Panya hajui ua, na mbu hajui ua. Lakini wema nao hauna ua: nikifunika kitanda changu, namlinda na jirani yangu.

MAJIBU YA MASWALI MATATU

Turudi sasa kwa maswali yaliyoulizwa katika mikutano yetu.

Kwa wale wasemao kazi hii ni ya serikali, twajibu kwamba ni kweli, wala tusiiachie serikali ikwepe. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kupata afya bora iwezekanavyo, na haki ya usafi wa mazingira unaofaa. Huduma za afya za kila siku zimekabidhiwa kaunti. Tangu mwaka 2006 serikali ilikuwa na mpango wa afya ya jamii, na mwaka 2023 ikatungwa sheria ya huduma za msingi za afya, wakatolewa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, ambao ni wajukuu wa wale nyamrerwa wa Saradidi. Lakini mhudumu mmoja mwenye nyumba mia za kuzunguka hawezi kumchimbia mtu choo, wala kukilinda kisima usiku na mchana. Tena serikali humsikia upesi yule anayekuja na hesabu mkononi. Chama kinachojua katika mtaa wake ziko nyumba ngapi zisizo na choo, na ni watoto wangapi waliougua kuhara msimu wa mvua, kitasema mbele ya baraza la bajeti la kaunti kwa sauti ambayo mtu mmoja mwenye malalamiko hana.

Kwa wale wasemao usafi ni shauri la kila nyumba, jibu ni historia hii yote. Nyumba yako ni yako, lakini kisima ni chetu, na mbu ni wetu sote.

Na kwa vijana wetu, tunaowapenda na ambao bidii yao hatutaki ipoe, twasema hivi: mlikuwa na haki ya kuuliza. Yatupasa kumwogopa mkubwa anayetupa ufagio ili atunyang'anye kalamu. Lakini dawa ya hatari hiyo si kuutupa ufagio, bali ni kuvishika vyote viwili. Waliosimama Lundha mwaka 1921 walitaka hati za ardhi na shule kwa sababu walitaka watoto wao waishi vizuri. Na mtoto aliyekufa kwa kuhara hatairithi ardhi hiyo, wala hataiona shule hiyo.

MAOMBI YETU KWA MKUTANO MKUU

Kwa kuwa historia isiyozaa tendo ni hadithi ya jioni tu, twaleta mambo manne mbele ya wazee na wanachama, ili yazungumzwe katika Mkutano Mkuu.

Kwanza, kila tawi na liwe na kamati ndogo ya afya, isiyoteuliwa na ofisi bali ichaguliwe na watu wa mtaa wenyewe, hata wale wasio wanachama, maana maradhi hayaulizi kadi. Wanawake wasiwe wachache ndani yake, wala wasiwe wa kupika chai tu, bali wawe na neno la kuamua.

Pili, kamati hiyo na iwe na daftari la nyumba, vyoo na visima, linaloandikwa upya kila mwaka. Jambo lisilohesabiwa husahauliwa.

Tatu, kamati isifanye kazi kwa kubahatisha. Imwendee mganga wa zahanati iliyo karibu na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa, ijifunze kwao maradhi ya mahali pale na dawa inayofaa sasa, isishikilie ya zamani kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka. Hilo ndilo fundisho la klorokwini.

Nne, daftari hilo hilo lichukuliwe na viongozi wetu katika mikutano ya kaunti ya kuwasikiliza wananchi juu ya bajeti, ili kazi ya mikono yetu iwe pia hoja ya madai yetu.

Fedha tunazoziomba kwa ajili ya haya si nyingi, nazo zimeandikwa katika ukurasa wa makisio mwishoni mwa kitabu hiki. Twajua kwamba kila shilingi ina mahali pengi pa kwenda. Mfuko wa mazishi hauna budi kuwapo, maana kumzika mtu wetu kwa heshima ni deni letu. Ila twaomba wazee wafikiri jambo moja wanapopiga kura: ni makaburi mangapi kati ya hayo tuliyoyachimba yangaliweza kungoja miaka mingi, kama tungalichimba vyoo kwanza?

Uamuzi tunauacha mikononi mwenu.